Baiskeli hadi mwisho wa njia, miguu hadi kileleni: shajara ya mradi

Hesabu ya kwanza

Lengo la mradi ni kilele kimoja kilichojificha nyuma ya bonde refu: kukifikia na kurudi siku hiyohiyo bila kukimbizana na giza. Bonde lina njia ya magari ya msitu, ya udongo na changarawe, yenye urefu wa kilomita 14. Ina geti, magari ya watu binafsi hayapiti, ila baiskeli zinaruhusiwa. Toka getini hadi mwisho wake inapanda mita 350. Pale inapokomea ndipo mlima unapoanza: kilomita 4 za mguu, na ndani ya hizo kilomita 4 mtu anapanda mita 900. Kilomita moja na nusu ya mwanzo ni kijia cha mawe chenye mwinuko wa asilimia 10. Zilizobaki ni mkwea wa kweli.

Hesabu nimeifanya kwa kanuni ya Naismith. William Naismith alikuwa mpanda milima wa Uskoti, na kanuni yake ya mwaka 1892 naiamini kuliko makadirio ya programu za simu: saa moja kwa kila kilomita 5 za ramani, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Yeye aliitoa kwa maili 3 na futi 2,000, lakini tofauti ni ndogo mno. Kwa kushuka natumia marekebisho ya Eric Langmuir, mtaalamu wa milima aliyekuja baadaye. Mteremko ukizidi nyuzi 12, unaongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Ukiwa kati ya nyuzi 5 na 12, unapunguza dakika 10, kwa sababu hapo miguu inateleza yenyewe.

Kwa miguu mwanzo mwisho, kuingia bondeni kunakula saa 3 na dakika 23. Kupanda hadi kileleni, saa 2 na dakika 18. Kushuka hadi kwenye njia, saa 1 na dakika 8. Kisha zile kilomita 14 za kurudi getini, saa 2 na dakika 48. Jumla ni saa 9 na dakika 37, na hapo hujakaa kitako kula wala hujasimama kusoma ramani ukungu ukishuka. Inawezekana, watu hufanya. Ila zaidi ya saa 6 za siku hiyo zinaishia kwenye njia ya gari, na mlima wenyewe unaambulia chini ya saa 3 na nusu.

Kwa baiskeli nimekadiria mwendo wa kilomita 10 kwa saa kuingia, na dakika 45 kutoka. Jumla inashuka hadi saa 5 na dakika 35. Yaani baiskeli inakupa saa 4. Nataka kujua saa hizo 4 zinapatikanaje kweli, na zaidi ya hapo, zitumike vipi.

Waliotangulia

Uskoti ndiko nilikosoma mengi kuhusu jambo hili, kwa sababu milima yao mingi imekaa mwisho wa mabonde marefu yenye njia za mashamba. Ben Alder, wenye mita 1,148, wengi huufuata kwa baiskeli kutoka Dalwhinnie, ambako kuna kituo cha reli, wakipita kando ya ziwa la Loch Ericht. Ben Macdui, wa pili kwa urefu Uingereza nzima, una wanaoendesha kutoka Linn of Dee hadi Derry Lodge, wanaegesha, kisha wanaendelea kwa miguu. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kupita karibu kila mahali kwa mguu au baiskeli, mradi atumie haki hiyo kwa uangalifu.

Si kila nchi iko hivyo. Marekani, maeneo yaliyotengwa kama nyika chini ya sheria ya mwaka 1964 hayaruhusu baiskeli kabisa, hata ukiwa unaisukuma tu. England na Wales, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu baiskeli kwenye njia za farasi, na huko mwendesha baiskeli anatakiwa kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi; njia za miguu ni habari nyingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa yeyote anayetaka kuiga mradi huu ni kujua sheria ya njia anayoikusudia, kabla hata ya kutia upepo kwenye tairi.

Gia

Swali lililonikalia kichwani wiki nzima: gia nyepesi inatakiwa iwe nyepesi kiasi gani? Nimelijibu kwa kalamu.

Baiskeli yangu ina meno 32 mbele, na sproketi kubwa ya nyuma (gurudumu la meno linaloshika cheni) ina meno 51. Gurudumu likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.3. Gawanya 32 kwa 51, zidisha kwa 2.3, unapata kama mita 1.44 kwa kila mzunguko wa pedali. Mtu akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, anakwenda kilomita 5 na kidogo kwa saa. Huo ndio mwendo wa mtembeaji wa Naismith kwenye tambarare. Maana yake gia hiyo inakufikisha kwenye mpaka halisi: chini ya hapo usukani unaanza kuyumba, na hakuna faida ya kubaki juu ya tandiko.

Sproketi kubwa ya nyuma ingekuwa na meno 34, mizunguko ileile 60 ingenipeleka karibu kilomita 8 kwa saa. Kwenye lami ni sawa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 wenye changarawe, na begi la kilo 8, mapaja yangeisha kabla ya mlima kuanza. Uzito wetu wote, mimi, baiskeli na mzigo, ni kama kilo 92. Kuupandisha mwinuko huo kwa kilomita 5 tu kwa saa kunahitaji wati 125 za kushindana na mvutano wa dunia peke yake. Changarawe nayo inadai zake juu ya hapo. Hizo ni nguvu ambazo mtu wa kawaida anazo, ila hawezi kuzitoa saa nzima kisha ashuke na kupanda mita 900 kwa mguu.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni ya pumzi: toka getini hadi mwisho wa njia niweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Mwenzangu alipinga mwanzoni, akasema tutachelewa. Nikamwonyesha hesabu: tofauti kati ya kwenda taratibu na kwenda kwa jasho kwenye kilomita hizo 14 haizidi dakika 15 kwetu sisi, na dakika hizo tutazilipa mara mbili huko juu.

Mahali pa kuiachia

Hapa ndipo penye moyo wa mradi, na ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Kile kijia cha mawe cha kilomita moja na nusu baada ya njia ya gari kilinitamanisha. Kwenye picha za setilaiti kinaonekana kupitika. Wazo lilikuwa kuisukuma baiskeli kupanda, kisha kurudi juu yake. Tukaenda kupima kipande hicho tu.

Kwa mguu mtupu, Naismith anakipa dakika 33: dakika 18 za umbali na 15 za kupanda mita 150. Tukisukuma baiskeli ilichukua kama dakika 40, kwa sababu kijia ni chembamba na mtu anasukuma akiwa ameinama upande mmoja, pedali ikimgonga muundi kila akipanua hatua. Kurudi juu ya baiskeli kulichukua dakika 7, breki zimebanwa mwanzo mwisho. Kwa mguu, kushuka hapo ni dakika 13. Tulipoteza dakika 7 kupanda, tukaokoa 6 kushuka. Faida hakuna, na mabega yanauma.

Tangu hapo kipimo changu ni hiki: nikiweza kukaa juu ya tandiko, hata kwa mwendo wa kobe, naendelea. Nikilazimika kushuka na kusukuma kwa zaidi ya dakika chache mfululizo, na mbele ramani inaonyesha kontua, yaani mistari ya mwinuko, zikibanana, baiskeli imefika kwao. Kinachonibadilisha mawazo ni kimoja tu, nacho ni kontua zikiachana tena mbele na njia kuwa pana, kwa sababu hapo kusukuma mita 300 kunaweza kufungua kilomita 3 za kuendesha.

Namna ya kuiacha nayo ina utaratibu wake. Tunaiondoa njiani kabisa, hatua 20 au 30 hivi, mahali ambapo mpita njia haioni. Inalazwa upande usio na cheni, ili vile vigurudumu vidogo vya nyuma vinavyohamisha cheni visibebe uzito wala kugonga jiwe. Kufuli tunatumia la namba, kwa sababu ufunguo ni kitu kimoja zaidi cha kudondosha kilele kizima cha mlima kikiwa kati yako na pale ulipodondokea. Helmeti inafunikwa kifudifudi, la sivyo mvua inaijaza. Mipini na tandiko vinaviringishwa mfuko wa plastiki: wanyama hufuata chumvi ya jasho, na mpini wa mpira uliolowa jasho la saa nzima unalambwa na kutafunwa.

Mahali penyewe naweka alama kwenye simu, kisha nageuka nyuma na kupaangalia kwa macho ya mtu anayerudi. Hili la kugeuka nalisisitiza. Mti uliouona ukipanda hauna sura ileile ukishuka, na simu inaweza kuzima kwa baridi. Natafuta vitu viwili vinavyoonekana kutoka juu, mfano jiwe kubwa na kona ya kijito, na kuandika kwenye karatasi baiskeli iko upande gani wa hivyo viwili.

Chupa moja ya maji na kipande cha chakula vinabaki na baiskeli. Ukishuka umekauka koo, hilo ni jambo kubwa.

Mzigo

Begi likiwa mgongoni kwenye baiskeli, uzito wote unakwenda kwenye makalio, na mtu akiinama mbele kamba zinamkata mabega. Likiwa kwenye keria, mgongo unapumua, lakini njia ya mawe inalitikisa hadi linalegea. Tumejaribu yote mawili na tumeamua keria, kwa njia hii: begi la kawaida la kupandia mlima linalazwa juu ya keria, mkanda wake wa kiuno unazungushwa chini ya vyuma na kufungwa, halafu kamba mbili za kukaza zinapita juu kwa msalaba.

Ncha za kamba hizo ndizo za kuangaliwa. Ncha iliyoachwa ikining'inia itafika kwenye spoki, na spoki zikiikamata gurudumu la nyuma linajifunga papo hapo. Nimekata mpira wa tyubu kuukuu kuwa vipete vyembamba, kila ncha inakunjwa na kuingizwa chini ya kipete. Baada ya kilomita ya kwanza tunasimama na kukaza upya, kwa sababu kilomita ya kwanza ndiyo inayoonyesha kilicholegea.

Fimbo za kutembelea zinafupishwa na kufungwa kwenye bomba la juu la fremu, ncha za chuma zikielekea nyuma, mbali na goti.

Vifaa tumevigawa sehemu mbili. Pampu, tyubu ya akiba, viraka na gundi, vijiti vya kutolea tairi, kiungo cha akiba cha cheni na funguo za kukazia skrubu vinakaa kwenye kimfuko kilichofungwa kwenye fremu na vinabaki na baiskeli. Sanduku la huduma ya kwanza, dira, ramani ya karatasi, koti la mvua, nguo ya joto na taa za kichwa vinapanda na sisi. Taa hizo hizo ndizo taa za baiskeli tukichelewa, ndiyo maana tulichagua zenye mwanga mkali kidogo kuliko anavyohitaji mtembeaji.

Viatu

Viatu jozi moja, basi. Vya mlima, soli ngumu kiasi, juu ya pedali bapa zenye vijino vya chuma vinavyoshika soli. Viatu vya kubana kwenye pedali ni vizuri kwa mwenye kuendesha siku nzima, lakini hapa vingemaanisha kubeba jozi ya pili au kuzificha msituni. Kamba za kiatu cha kulia zifungwe na ncha zake zichomekwe ndani, upande huo ndio wenye cheni.

Kushuka

Watu huongea sana juu ya kupanda. Mimi naiheshimu zaidi ile saa ya mwisho, miguu imechoka, akili inawaza nyumbani, na njia inashuka.

Sehemu ya juu ya njia ya gari inashuka mita 200 ndani ya kilomita 5, na kati yake kuna kipande cha mita 600 chenye mteremko wa asilimia 15. Kilo 92 zikishuka mita 200 zinaachia nishati ya joule 180,000. Ukitaka kushuka kwa mwendo wa kiasi, sehemu kubwa ya nishati hiyo inageuka joto ndani ya breki: ingetosha kuchemsha nusu lita ya maji. Ndiyo maana diski inanuka ukibana breki moja bila kuiachia. Tunafanya hivi: breki zote mbili, kubana kwa nguvu kwa muda mfupi, kuachia, kuacha upepo upoze, kubana tena. Tandiko linashushwa ili uzito ukae chini na nyuma. Mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama unakuwa mara nne, na kwenye changarawe ya kona hakuna anayejua lori la msitu liko wapi.

Mifereji ya maji inayokatiza njia ndiyo adui mwingine. Kupanda haikusumbui, unaivuka taratibu. Kushuka inakuja ghafla, na gurudumu la mbele likiingia kwa pembe linapinda. Tumeihesabu yote tulipopanda na kuiweka alama kwenye ramani, na tunaivuka kwa pembe mraba, tumesimama kwenye pedali, magoti na viwiko vimelegea. Tairi za upana wa inchi 2.2 tunazitia upepo wa pauni 25 hadi 30 kwa inchi ya mraba. Zikijazwa zaidi zinarukaruka juu ya kila kokoto, zikipungua sana rimu inagonga jiwe na tyubu inapasuka matundu mawili ya sambamba.

Halafu baridi. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo mlimani kila mtu anabeba koti. Lisilofikiriwa ni upepo ambao baiskeli yenyewe inauleta. Hewa ikiwa nyuzi 5 na wewe unashuka kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 0. Na hapo fulana imelowa jasho la kushuka mlima. Vidole vikifa ganzi haviwezi kupima breki. Glavu nzito na fulana kavu vinavaliwa pale pale baiskeli ilipofichwa, kabla ya kukanyaga pedali hata mara moja, hata kama mwili bado una joto.

Upepo wa bondeni

Safari ya majaribio hadi mwisho wa njia ilileta jambo la kuongeza kwenye hesabu. Asubuhi tuliingia bonde likiwa limetulia. Tukarudi saa 9 alasiri, jua kali, na upepo ulikuwa unatupiga usoni njia nzima, ingawa utabiri ulisema siku haina upepo.

Hili ni jambo la kawaida milimani. Jua likipasha miteremko, hewa yake inapanda, na hewa ya chini inavutwa kulifuata bonde kwenda juu. Usiku inageuka, hewa baridi inateremka. Siku ya anga safi ndiyo siku ya upepo huo kuwa mkali, na mchana hadi alasiri ndio wakati wake. Mwenye kuingia asubuhi na kutoka alasiri atakutana nao uso kwa uso kwenye kurudi, akiwa amechoka. Makadirio ya dakika 45 nimeyafanya saa 1 kamili kwa siku za jua. Saa 4 zangu zimekuwa 3 na dakika 47, na bado ni nyingi.

Saa ya kugeuka

Sasa ile sehemu ya pili ya swali: saa zilizookolewa zitumike vipi?

Ukipewa saa karibu 4, kishawishi ni kuzitumia zote kwa kwenda mbali zaidi. Kilele cha pili kiko pale, kilomita 2 tu kwenye mgongo wa mlima. Mimi nasema hapana, na sababu ni hii: wakati wote ukiwa juu ya mlima, baiskeli iko peke yake chini, na hujui utaikuta katika hali gani. Pancha inazibika. Cheni inaungika. Lakini tairi lililochanika ubavuni, rimu iliyopinda kwenye mfereji, au baiskeli iliyochukuliwa, havina dawa kwenye kilomita ya 14. Hapo unatembea, na kutembea ni saa 2 na dakika 48.

Kwa hiyo ratiba yetu inahesabu kurudi kwa mguu. Jua linazama saa 12 na nusu jioni. Kurudi getini kwa mguu tunaupa muda wa saa 3, na nusu saa ya ziada kabla ya giza. Basi tunatakiwa tuwe kwenye baiskeli ifikapo saa 9 alasiri. Kushuka toka kileleni tunakupa saa moja na nusu badala ya saa 1 na dakika 8. Saa ya kugeuka ni saa 7 na nusu mchana, popote tulipo, hata kama kilele kinaonekana. Baiskeli ikiwa nzima, tutafika getini mapema mno, na hilo halimdhuru mtu.

Ninapoliandika hili namfikiria Göran Kropp, Msweden aliyetoka Stockholm kwa baiskeli Oktoba 1995 na kupanda Everest bila mitungi ya oksijeni. Mwanzoni mwa Mei 1996 alikuwa amekaribia kilele, muda ukawa umekwenda, akageuka. Mtu aliyeendesha baiskeli toka Ulaya hadi Nepal aligeuza mgongo juu ya kilele kilichokuwa mbele ya macho yake, akarudi kupumzika, akakifikia tarehe 23 mwezi huohuo. Kama yeye aliweza kugeuka, mimi na njia yangu ya kilomita 14 sina neno la kusema.

Siku yenyewe

Getini saa 1 asubuhi, mawingu mepesi, njia imelowa umande. Kilomita 9 za mwanzo hazina shida, zinapanda mita 150 tu. Tulizungumza njia nzima, na nilipoona mwenzangu amenyamaza nilipunguza mwendo bila kumwambia kitu. Kwenye kile kipande cha asilimia 15 tulishuka wote wawili na kusukuma. Ni mita 600, na hapo juu njia inalainika, kwa hiyo kipimo changu kilikubali.

Tulifika mwisho wa njia baada ya saa 1 na dakika 31. Kuficha baiskeli, kufungua begi, kubadilisha fulana na kula vilichukua dakika 14. Hizo dakika hazikuwemo kwenye hesabu na sasa zimo.

Dakika 10 za kwanza za kutembea ni za ajabu kwa kila anayefanya hivi. Miguu imezoea kuzunguka, kisigino kinashuka kizito, nyonga zimekaza kutokana na kuinama. Tulitembea hatua fupi, polepole makusudi, hadi tulipohisi mapaja yanaachia. Baada ya hapo mwili ulikuwa umepata joto kuliko ambavyo ungekuwa tungetembea toka getini, na mkwea tuliuchukua vizuri. Kila saa tulikula gramu 40 hadi 50 za wanga, kiasi kinachoshauriwa kwa mazoezi marefu, na nusu ya kazi hiyo ilishafanyika juu ya baiskeli, mahali ambapo kutafuna ni rahisi kuliko kwenye mkwea.

Kileleni tulikuwa saa 5 na dakika 20. Zaidi ya saa mbili kabla ya saa ya kugeuka. Tulikaa. Siwezi kueleza vizuri tofauti ya kukaa juu ya mlima bila kuangalia saa kila dakika: tuliona kivuli cha wingu kikivuka bonde zima na kupanda ukuta wa upande wa pili, tukaifuata kwa kidole njia tuliyokuja nayo, uzi mwembamba wa rangi ya udongo, na mwenzangu akauliza, "Hivi kweli tulitoka kule kote?" Kile kilele cha pili kilikuwa pale pale, wazi kabisa. Tulikiacha.

Kushuka kulichukua saa 1 na dakika 20. Magoti yalianza kulalamika mita 200 za mwisho, na hapa ndipo baiskeli inapolipa deni lake. Kushuka kwa mguu kunaifanya misuli ya mapaja ibane huku ikinyooshwa, na ndiko kunakoleta maumivu ya kesho yake. Kukanyaga pedali hakuna kishindo hicho. Baada ya kilomita ya kwanza ya kuendesha, magoti yalikuwa yamenyamaza.

Upepo wa bondeni ulikuwepo, lakini mawingu yalikuwa yameupunguza makali. Getini tulifika baada ya dakika 52. Ilikuwa bado saa 8 na nusu mchana.

Yaliyobaki

Mzunguko mpya nimeanza kuuchora: kuingia bonde moja kwa baiskeli, kuvuka mgongo wa mlima kwa mguu na kushukia bonde la pili, ambako baiskeli nyingine itakuwa imefichwa tangu jana yake. Unadai baiskeli nne kwa watu wawili, au mtu wa kutusogezea, na saa ya kugeuka itabidi ihesabiwe upya, kwa sababu ukishavuka mgongo huwezi tena kusema unarudi ulikotoka.

Kabla ya hapo, kazi za gereji. Cheni ioshwe na kupakwa mafuta. Kipete kimoja cha mpira kimekatika, vikatwe vingine. Pedi za breki ya nyuma zimebaki chini ya milimita moja. Zinabadilishwa wiki hii, kabla baiskeli haijatoka nje.